Zamu ya Sauti

1

Kwenye orodha ya risiva yangu, mume wangu alikuwa chanzo cha nne. Cha kwanza redio, cha pili televisheni, cha tatu adhana ya msikiti wetu wa Isevya, cha nne MRISHO. Mpangilio huo niliuweka mwenyewe, kwa hasira, siku ile mwaka jana aliponiambia kwamba kuanzia wiki ijayo atalala kwangu siku mbili na kwa mke mwenzangu siku tano.

"Tunu anaogopa kulala peke yake," alisema. "Lakini hizo tano hutanikosa, Mama Zawena. Utanisikia."

Na kweli nilimsikia. Kila jioni baada ya magharibi nilishika rimoti, nikabonyeza Chanzo mara nne, na spika kumi na moja za sebuleni zikamleta. Kifungo kidogo alichobandika kwenye ukosi wa shati kilimpelekea maneno yangu, na kilichukua kila kitu chake: pumzi, kikohozi, mkwaruzo wa ndevu akijikuna, kandambili zikiburuzwa sakafuni. Risiva ilivipokea vyote ikavipanga upya kwa vipimo vya chumba changu, hivyo akitembea huko aliko, huku kwangu alitokea mlango wa jikoni, akapita nyuma ya kochi, akaketi kwenye kiti chake. Ukifumba macho unaweza kunyoosha mkono umguse. Ukifumbua, kiti kitupu, na kitambaa chake kimekaa vilevile ulivyokitandika asubuhi.

Ofisi ya Ndoa ya mtaa ilikuwa imekwisha kulipitisha jambo hilo. Masheikh walibishana miaka mingi, mwishowe wakakata shauri kwamba usiku mmoja wa sauti uhesabiwe nusu ya usiku wa mwili. Wanaume wenye wake wawili wakafurahi. Wanawake tukaambiwa hiyo ndiyo haki.

Mimi ni fundi wa mashine hizo. Hapa Tabora ukiuliza ni nani anayefunga risiva mpaka mume akipiga chafya unajikuta unamwombea dua, utaelekezwa kwa Siwema. Kwa hiyo Mrisho alipomwoa Tunu, miaka miwili iliyopita, alinijia bila haya akaniomba nikamfungie. "Nimwamini nani mwingine?" akasema. Nikaenda. Nilibeba maiki ya kupimia na kistendi chake cha miguu mitatu, nikaisimamisha kila mahali anapokaa mwanamke yule, nikawasha mlio wa kupimia kona kwa kona, ili mashine ijue masikio yake yatakuwa wapi atakapomsikiliza mume wangu. Nilipima kochi. Nilipima mkeka. Alipotaka nipime na kitanda nilimwambia betri imekwisha.

Nisiseme uongo, nilifanya na lingine. Nilipofika ukurasa wa umbali, mashine ilikuwa imejiandikia mita mbili. Nikaandika tano. Spika ya kati, ile inayobeba maneno, nikaishusha desibeli nne. Kwa Tunu, Mrisho akawa mtu anayesemea chumba cha pili. Nikabonyeza Hifadhi, nikala wali wake, tena wali mzuri, nikaaga.

Na la tatu ndilo baya zaidi. Sisi mafundi tuna kiapo. Kazi ikiisha, unafungua ukurasa wa huduma mbele ya mwenye nyumba na kubonyeza Sahau, ili ule mlango wa nyuma uliopitia ujifunge na usiweze tena kusikia chochote cha nyumba ile. Kwa Tunu sikubonyeza Sahau. Nilibonyeza Rudi. Yeye alitabasamu akanishukuru, hakujua tofauti. Miaka miwili sikuutumia mlango huo, na nilikuwa najisifu moyoni kwamba mimi mwanamke mwema.

2

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, upepo wa kiangazi unapiga mabati, nami nimekaa na Mrisho wa sauti. Alikuwa anatafuna karanga. Nilisikia kila ganda likipasuka.

"Umeshindaje, mama?"

"Salama."

"Zawena kapiga simu?"

"Kapiga. Mwanza hawajambo."

Ndiyo mazungumzo yetu hayo. Nilikuwa nimepandisha Maneno hatua mbili na kushusha besi, maana besi ikizidi kikohozi chake hutikisa vikombe kabatini. Kipima usingizi nilikuwa nimekiweka saa nne, kama kila siku, kimzime chenyewe nisije nikamzima mimi.

Mara akacheka. Mimi sikuwa nimesema kitu. Kilikuwa kicheko kirefu cha tumboni, cha mtu aliyeegemea ukuta, na katikati yake akasema, "We nyuki, utaniua wewe!" Halafu sauti ikakatika ghafla. Alikuwa amekumbuka kunizimia sauti.

Nyuki. Miaka ishirini na mitatu ya ndoa sijapata kuitwa mdudu wala ua. Nimeitwa Mama Zawena na, akiwa na homa kali, Siwema. Niliona wivu mpaka meno yakauma. Nilimwona Tunu na kanga yake mpya, nikamwona Mrisho amelaza kichwa pale kwenye mkeka nilioupima kwa mikono yangu, na karanga zile, bila shaka Tunu ndiye aliyezikaanga.

Kati ya wake wenza wa kwetu ipo adabu, nami nimeishika kuliko dini. Siku ya mwenzio humpigii mume simu. Huulizi amekula nini kule. Mkikutana sokoni mnajuliana hali, mnasemezana habari za mvua na bei ya mchele, basi. Jina la mume halipiti katikati yenu. Jioni ile adabu ilinishinda. Nilishikilia kitufe cha Eneo mpaka taa ikageuka ya njano, nikaingiza namba zangu za fundi, nikachagua Eneo la Pili, nyumba ya Tunu.

Kwa kawaida risiva hupitisha sauti ya mume peke yake. Vyombo, watoto na mke wa nyumba ile huchujwa, ndiyo sitara yenyewe. Ukurasa wa huduma hauna chujio. Sebule ya Tunu ilinijaa chumbani mzimamzima: sufuria inachemka, jirani anakuna nazi, na Tunu mwenyewe anasimulia.

"...ndoo kichwani, nyuki ndani ya gauni, na baba yangu juu ya mti ananiambia simama, usitikisike! Ningesimamaje?"

Mrisho akacheka tena. Nilikaa nikajilisha sumu hiyo kwa muda, siwezi kusema muda gani. Halafu Tunu akasema, "Mh, umepotea tena. Ngoja nikuongeze."

Nikasikia tik. Tik. Tik. Tik. Mlio wa kitufe cha sauti cha risiva, ninaujua kama ninavyoujua mlango wangu. Na kwa kila tik kicheko cha mume wangu kikawa kikubwa zaidi.

Niliirudia mara kadhaa kichwani kabla ya kuielewa. Mtu aliyelala kwenye mkeka wako humwongezi kwa rimoti. Kwa Tunu nako alikuwa spika.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilicheka peke yangu sebuleni, nikapiga paja. Mwizi wa siku zangu tano naye alikuwa ameshika rimoti kama mimi, tena na zile desibeli zangu nne. Nilifurahi kwa muda wa kutosha kunywa kikombe cha chai. Kisha nikajiuliza swali ambalo mtu mwenye akili angelianza nalo: kama mume hayuko kwangu wala kwa Tunu, yuko kwa nani?

3

Asubuhi ya Jumapili nilikwenda Kiloleni na mkoba wangu wa zana. Tunu alikuwa anapiga pasi barazani. Ni mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, ana miaka thelathini na moja. Nilishawahi kumtafutia kasoro nikaishia kwenye kisigino.

"Karibu, bi mkubwa. Kuna heri?"

"Heri. Nimekuja kukagua mashine. Imefika miaka miwili."

Aliniingiza, akaniletea uji wa ulezi. Nilifungua risiva, nikajifanya napima. Nilipofika ukurasa wa umbali nikarudisha mita mbili, na spika ya kati nikairudisha mahali pake, kimya kimya. Nilikuwa nimepanga maneno njiani kote, lakini yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Tunu. Jana alilala hapa?"

Aliweka kikombe chini. Alinitazama kama mtu aliyeona mwenzake amevua nguo njiani. "Bi mkubwa, hayo hatuulizani."

"Najua. Leo nauliza."

"Jana si siku yako? Zamu yangu ni Alhamisi na Ijumaa. Nyingine zote zako. Tano zako, mbili zangu."

"Nani kakwambia?"

"Yeye. Kasema una presha, daktari kakataza usiachwe peke yako. Nami nikakubali." Akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Unajua nimekuchukia kiasi gani kwa presha yako hiyo?"

"Presha? Mimi?" Nilisimama. "Mimi napanda darini na spika ya kilo kumi! Wewe ndiye unayeogopa kulala peke yako!"

"Nimezaliwa porini Sikonge, katikati ya mizinga. Niogope nini?"

Nilimwona anahesabu kwa vidole nami nikahesabu pamoja naye: Jumatatu na Jumanne zangu, Alhamisi na Ijumaa zake. Zikabaki tatu, Jumatano, Jumamosi na Jumapili. Kwa mwaka mzima kila mmoja wetu alikuwa amemnunia mwenzake kwa siku ambazo hana, na mume alitegemea adabu yetu. Alijua hatutaulizana hata tukifa.

"Yuko wa tatu," akasema Tunu.

"Yuko."

Na pale pale, wivu wangu wote niliokuwa nimemwekea yeye ukanyanyuka ukahamia kwa mwanamke nisiyemjua. Nadhani naye wake ulihama, maana alinisogezea sukari. Ila hakuwa mjinga. "Ngoja kwanza, dada. Wewe umejuaje kwamba jana hakuwa hapa?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema nimeona kwenye mashine, hesabu fulani za fundi, naye angeamini. Lakini nilikuwa nimekula uji wake, na yeye alikuwa ananiangalia na macho mekundu. Nikamwambia. Nilimwambia mlango niliouacha wazi, na kisa cha nyuki, na kile kicheko. Desibeli sikumwambia, hizo nilikwisha kuzirudisha.

Alisimama akaenda dirishani. "Kwa hiyo umeingia chumbani kwangu."

"Mara moja."

"Mara moja ndiyo kuingia. Mkuki kwa nguruwe, bi mkubwa. Ningekusikiliza mimi wewe ukizungumza na mumeo, ungeniacha hai?"

"Nisingekuacha."

"Basi funga mlango wako. Nikiona."

Nilifungua ukurasa wa huduma, nikamwonyesha neno lenyewe, nikampa rimoti. Akabonyeza Sahau kwa kidole chake mwenyewe. Taa ya njano ikazima, na kuanzia hapo sikuwa na njia tena ya kujua kinachosemwa Kiloleni.

Shauri lililofuata lilikuwa lake. "Leo jioni akija kwa sauti, tusimjibu," akasema. "Mimi nisimjibu, wewe usimjibu. Akipiga simu tusipokee. Azungumze na kuta mpaka miguu imlete. Atakapofika, huyo aliyefikiwa anampigia mwenzake, tunamuuliza pamoja."

"Na mmoja wetu akijibu?"

"Ndiyo maana tunaapa," akasema.

Tukaapa kwa msahafu wake, uliokuwa juu ya risiva.

4

Baada ya magharibi nilibonyeza Chanzo mara nne, nikakaa kwenye kochi, mikono mapajani.

"Umeshindaje, mama?"

Sikujibu.

"Mama Zawena." Hatua zikatoka jikoni, zikapita nyuma yangu. Nilihisi shingo ikinisisimka. "Mama Zawena, hupo?"

Nilishika mdomo. Nilitaka kujibu, si kwa sababu ya kumwonea huruma. Nilitaka kujibu kwa sababu aliniita mimi kwanza, na nikikaa kimya atakwenda kwa mwingine. Na ndivyo ilivyokuwa: sauti ikakatika. Alikuwa amehamia Eneo la Pili.

Nilitazama saa ya ukutani. Dakika moja. Ya pili. Ya tatu. Mtu asiyejibiwa hukaa dakika tatu? Ya nne. Nikamwona Tunu anajibu kwa kunong'ona, anamwambia bi mkubwa kaja kunichochea, usimwendee. Nikamwona kwenye mkeka wake anacheka. Vidole vyangu vikashikilia kitufe cha Eneo vyenyewe, na kioo kikaandika: HAKUNA HUDUMA. Mlango niliufungisha mwenyewe. Nilikuwa na kiapo cha mke mwenza tu, na kiapo cha mke mwenza ndicho nilichokuwa nakaa nacho pale gizani bila kuwasha taa.

Dakika ya saba akarudi. "Siwema?"

Siwema, na hana homa. Nikauma kanga.

"Siwema, una nini? Mbona nyote hamna..." Akajikata. Nikasikia amesimama, kiti kikasogea. Simu yangu ikalia juu ya meza, jina lake, ikalia tena, nikaigeuza kifudifudi. Halafu viatu, funguo, bawaba ya mlango wa bati. Kisha kifungo kikatoka nje ya mtandao, na spika zangu kumi na moja zikanyamaza zote pamoja.

Anakuja. Hapo ndipo nilipotambua tulichokifanya mimi na Tunu bila kukusudia. Wake wawili kimya, nyumba mbili kimya, mwanamume mmoja barabarani na hofu yake. Atakimbilia wapi kwanza? Kwa mwaka mzima nilikuwa nataka kujua jambo hilo, na sasa ningelijua ndani ya nusu saa. Niliwasha taa. Nilipaka wanja, najua ni upuuzi. Nilipasha mchuzi moto. Nilisimama nyuma ya pazia nikisema moyoni, kwangu, kwangu, kwangu, kama mtoto anayeombea mvua isimkute njiani.

"Hodi! Hodi humu!"

Nilifungua. Mrisho alikuwa analowa jasho, shati limemganda. Mume wangu, kwa mwili wake, siku isiyokuwa yangu, mlangoni kwangu kwanza. Sijui kama niliwahi kufurahi vile hata siku ya harusi. Nilimshika mkono nikamwingiza.

"Alhamdulillahi, u mzima," akasema huku akihema. "Mashine zimekufa, zote mbili. Kwako kimya, kwa Tunu kimya. Chukua mkoba wa zana twende Kiloleni, wewe ndiye fundi. Yule yuko peke yake kule, pengine ana shida."

Niliuachia mkono wake.

"Umetoka wapi, Baba Zawena?"

"Kwa Tu..." Alisikia mwenyewe alichokuwa anataka kusema. Akakaa kwenye kiti chake, polepole.

"Anaitwa nani?" nikauliza.

"Nani?"

"Huyo wa tatu."

"Hakuna wa tatu. Nina chumba, zile kota kuukuu za reli. Kuna kiti na godoro." Akajifuta uso kwa kile kitambaa. "Nakwenda kukaa, Siwema. Nikimaliza kusema na wewe nasema na yeye, halafu nazima nyote, nakaa."

"Unafanya nini?"

"Nakaa tu. Nabangua karanga."

Niliinama nikanusa shati lake begani, bila aibu. Hapakuwa na udi wala mafuta ya nywele. Lilinuka vumbi, jasho na karanga. Nilimwamini, na kumwamini hakukunisaidia kitu. Mwanamke ningemwendea mlangoni, ningemtukana, ningemshika nywele, tungepatanishwa. Kumbe niliibiwa usiku wangu na kiti na godoro, na nilivionea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea Tunu.

Kiapo kilisema nipige simu hapo hapo. Kule Kiloleni mwenzangu alikuwa bado amekaa kimya, sasa nilijua, alikuwa ameshika neno lake dakika zote saba. Nilimwambia Mrisho avue viatu. Nilikwenda jikoni nikampakulia wali na mchuzi, nikakaa mbele yake nikamtazama akila, nikasikiliza anavyotafuna bila spika yoyote. Alipoomba maji nilimpa. Alipomaliza sahani nikamwongeza. Ndipo nikachukua simu.

Tunu alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Kafika?"

"Yuko hapa. Njoo."

"Dada," akasema, "alianza kwa nani?"

Mrisho alikuwa anaulamba mchuzi kwenye kidole, macho yake kwenye mkoba wangu wa zana kando ya mlango.

"Alianza kwangu," nikamjibu. Kwamba alikuja kumchukua fundi, hilo sikumwambia.